Mama Padre Atafuta Mahali pa Kuungama

Pale parokiani hakuna aliyekuwa na kiti chake kanisani isipokuwa Mama Padre. Si kwamba kiliandikwa. Ilikuwa tu pembe ya benchi la mbele, upande wa kushoto, karibu na nguzo, na tangu mwanawe alipopewa upadre hakuna mtu mwenye akili timamu aliyethubutu kukaa hapo. Mgeni asiyejua aligongwa begani taratibu: "Samahani, hapo ni pa Mama Padre." Jina lake la ubatizo alilijua yeye mwenyewe na Mungu, na nadhani hata Mungu alikuwa ameanza kumwita kama wenzake.

Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na mashine ya kukanyaga, meza ya kukatia, kapu la vipande vya vitambaa na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Mwaka mzima alishona sare za shule huku akinung'unika. Ila Kwaresima ikianza manung'uniko yalikoma, kwa sababu ndipo alipoletewa jora la kitambaa cheupe ashone mavazi ya wakatekumeni, wale watu wazima watakaobatizwa katika Mkesha wa Pasaka. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Alipima, akakata, akakunja pindo kwa mkono, na usiku wa Mkesha yeye ndiye aliyesimama kando ya kisima cha ubatizo akiwavika mmoja mmoja walipotoka majini.

Mwaka ule ilikuwa apasuke kwa furaha. Paroko alikuwa ameteguka mguu akishuka ngazi za sakristia, na askofu akamtuma mwanawe Mama Padre aje aongoze Juma Kuu lote, katika kanisa lile lile alikobatizwa akiwa mchanga analia mpaka sauti ikamkauka. Mwenyekiti wa jumuiya, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameshapanga kila kitu.

"Wewe ndiye wa kwanza kukomunika usiku wa Mkesha," alimwambia. "Kanisa zima litakuwa linakutazama. Mama anapokea kutoka mkononi mwa mwanawe! Vaa lile gauni la bluu. Na ulie kidogo, usilie sana."

"Kulia nako kuna kipimo?"

"Kwako wewe kipo. Ukianza hunyamazi."

Wakacheka. Hiyo ilikuwa Jumapili ya Matawi. Jumatatu asubuhi kicheko kikakatika.

Hodi ilipigwa, akaingia mwanamke mmoja wa makamo, amechelewa kupimwa kwa sababu alikuwa akiuguza mtoto. Mama Padre alimkaribisha, akachukua futi ya kupimia, akamwambia asimame mbele ya kioo. Yule mwanamke akasimama, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, vidole vya kulia vikikanyaga vya kushoto. Futi ikamponyoka Mama Padre.

"Shikamoo, Mama," yule mwanamke alisema huku akitabasamu kwenye kioo. "Hunikumbuki? Nilikuwa nakuletea mkate."

Alimkumbuka. Angewezaje kumsahau? Huyu alikuwa Binti wa Mkate, mtoto wa mwokaji wa mtaa wa juu, aliyekuwa akipita kila asubuhi na kikapu mkononi, na akisubiri mlangoni alisimama hivyo hivyo, kwa mguu mmoja.

Sasa nieleze kilichotokea zamani, maana bila hicho mtu anaweza kudhani Mama Padre alikuwa na kichaa juma lile.

Wakati ule Padre alikuwa bado anaitwa Kijiti, kwa wembamba wake, na alikuwa nyumbani likizo kutoka seminari. Hakuwa na raha. Alikula nusu sahani, alijibu nusu neno. Siku moja alimwambia mama yake: "Mama, nimemwomba mtu aje tuzungumze kabla sijarudi. Akija, niite. Asipokuja, basi, nitajua la kufanya." Mama hakuuliza mtu gani. Alikuwa na macho, na mkate wa nyumba ile siku hizo ulikuwa unaliwa kupita kiasi.

Ijumaa ya mwisho wa likizo, Kijiti akiwa nyuma ya nyumba, hodi ilipigwa. Mama alifungua akiwa na shati la mwanawe mkononi, anakaza vifungo vya safari. Binti wa Mkate alisimama kwa mguu mmoja akauliza kama yupo.

"Ameshaondoka, mwanangu," Mama alisema. "Amerudi seminari asubuhi na mapema."

Maneno yalitoka yenyewe, wala hakuyapanga. Yule binti akatazama lile shati, akasema asante, akamwachia mkate kama zawadi, akaondoka. Baadaye Kijiti akaingia ndani, nywele zinachuruzika, akauliza: "Mama, kuna mtu alikuja?"

"Hapana," alisema Mama.

Mkate aliuficha kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Hakuweza kuula na hakuweza kuutupa, mpaka siafu walipoutangazia mtaa.

Kijiti akarudi seminari, akawa Padre. Miaka yote hiyo mama yake aliungama kila Pasaka: kusengenya, hasira, kukosa Misa kwa uvivu. Lile la mlangoni hakulitaja hata mara moja. Alijiambia kwamba si dhambi, ni kuokoa wito wa mtoto. Alijiambia hivyo mpaka akaliamini, na likatulia moyoni, hadi Jumatatu ile lilipoingia chumbani kwake likiwa limevaa viatu vya kike na kuomba lipimwe mabega.

"Katekista amesema Padre ndiye atakayenibatiza," Binti wa Mkate alikuwa akisema, mikono ameinyoosha kando. "Sijapata hata nafasi ya kumsalimia. Mume wangu amenisubiri miaka mingi nikubali kubatizwa, huwezi kuamini alivyofurahi. Mama, mbona mikono yako inatetemeka?"

"Ni baridi," alisema Mama Padre, na jasho jembamba linamtoka.

Alipoondoka, mama wa watu alikaa juu ya kiti cha cherehani, akashika tama. Aliona mambo yote yanavyokuja. Hawa wawili watasalimiana. Binti atasema, nilikuja siku ile nikaambiwa umeondoka. Padre ataelewa. Mtu mzima, kasisi, atasimama mbele ya altare akijua kwamba yupo pale kwa sababu ya uongo wa mama yake. Je, atabaki? Na akibaki, atabaki mtoto wake?

Na hapo hapo likamjia la pili. Hawezi kukomunika. Mtu anayejua ana dhambi nzito moyoni hapokei mpaka aungame, hilo alifundishwa akiwa mtoto na hakuwahi kulichezea. Asipokwenda kukomunika usiku wa Mkesha, kanisa zima litamwona amekaa kwenye benchi lake la heshima kama gunia. Basi aungame. Kwa nani? Paroko yuko kitandani mguu umefungwa bandeji. Anayeketi kwenye kiti cha kitubio ni mwanawe.

Jumanne alijaribu. Alipanga foleni na wenzake, rozari mkononi. Alipokaribia aligeuka nyuma akamwambia msichana mmoja, "Tangulia, mwanangu, mimi sina haraka." Akamtanguliza na mzee wa fimbo. Akamtanguliza na muuza mkaa, na mke wa muuza mkaa. Kwa namna hiyo akajikuta wa mwisho kila aliposogea, na watu wakanong'onezana jinsi Mama Padre alivyo mnyenyekevu. Foleni ilipoisha, pazia likatikisika, akaona kiatu cha mwanawe kikijongea. Akatoka kwa mlango wa pembeni kama mwizi.

"Umeshaungama?" Mwenyekiti alimuuliza jioni, kichwa kikiwa juu ya ukuta.

"Nimeshamaliza," alisema Mama Padre. Hilo nalo likaongezeka.

Alhamisi Kuu alikaa kwenye benchi lake akamtazama mwanawe akivua vazi la nje, akajifunga taulo kiunoni, akapiga magoti mbele ya wanaume kumi na wawili na kuwaosha miguu. Fundi viatu alikuwa ameosha yake nyumbani mara mbili, na bado aliona aibu akaificha chini ya kiti. Padre akaivuta kwa upole, akaiosha, akaibusu. Watu waliguswa. Mama Padre aliona kitu kingine. Aliona mtu mwembamba aliyeinama juu ya beseni, na alijiuliza kama alikuwa na furaha. Hakuwahi kumuuliza.

Wakati wa kukomunika hakunyanyuka. Padre alifika mpaka ukingo wa benchi, akasimama na hostia mkononi, akamtazama. Mama akainamisha kichwa, akashika tumbo kana kwamba linamuuma. Padre akapita. Nyuma yake alisikia benchi zima likivuta pumzi, na pumzi ya Mwenyekiti ilikuwa ndefu kuliko zote.

Ijumaa Kuu asubuhi akapiga moyo konde. Alijifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, akapanda basi hadi parokia ya mbali, ng'ambo ya reli, ambako hakuna aliyemjua. Huko atampata padre mgeni, mzee ikiwezekana, kiziwi kidogo kama Mungu ni mwema. Ataeleza, ataondolewa dhambi, atarudi kabla ya saa za ibada ya msalaba.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hata mtoto wa komunyo ya kwanza asingelifanya. Kila mtu wa kanisa anajua kwamba Juma Kuu mapadre wa jirani wanasaidiana kuungamisha, leo wako kwangu, kesho wako kwako, maana foleni ni ndefu na padre ni mmoja. Mama Padre mwenyewe aliwahi kuwapikia chai, wakiwa watano mezani, wote wametoka kuungamisha. Lakini hofu ikimpanda mtu kichwani haimwachii nafasi ya kukumbuka vitu vidogo.

Foleni zilikuwa mbili. Alichagua fupi. Akaingia, akapiga magoti kwenye ubao, mbele yake wavu wa mbao na kitambaa cha zambarau upande wa pili. Mle ndani palinuka mbao za zamani na nta.

"Nibariki, Padre, kwa kuwa nimekosa."

Upande wa pili ikajibu sauti ya kunong'ona, imekwaruza kama ya mtu mwenye mafua au aliyeimba sana.

"Mama, kuna padre mwingine foleni ya pili. Ukipenda unaweza kwenda kwake."

Mama Padre alikereka. Hata kuungama siku hizi unaambiwa nenda dirisha la pili? "Baba, magoti yangu haya yameshakubali hapa. Nikinyanyuka sipigi tena. Naomba unisikilize."

Padre alishusha pumzi. "Haya, Mama. Sema."

Akasema. Mwanzoni alisema kwa mpangilio, baadaye maneno yakaanza kusukumana. "Nilimdanganya binti wa watu. Alikuja kumtaka mwanangu wazungumze, nikamwambia ameondoka, na hakuwa ameondoka, alikuwa nyuma ya nyumba. Halafu nikamdanganya na mwanangu, nikamwambia hakuna aliyekuja. Nililia siku alipopewa upadre, watu wakasema ni furaha. Ilikuwa furaha, na ilikuwa hofu. Sasa yule binti amerudi. Anabatizwa kesho, na anayembatiza ni mwanangu huyo huyo, na anayemshonea vazi ni mimi. Padre, mimi nataka kujua kitu kimoja. Upadre wa mwanangu ni wa Mungu, au ni wa kwangu?"

Alifikiri labda padre amesinzia, maana na wao ni watu. Kisha ile sauti ikasema, polepole sana:

"Maji ya kuoga hayapigi kelele kiasi hicho, Mama."

Hakuelewa. Alirudia maneno yale kichwani. Maji ya kuoga? Yeye hakutaja maji. Alisema nyuma ya nyumba. Hakusema mtu alikuwa anaoga.

Akashika wavu kwa vidole.

"Kijiti?"

"Hapa ni padre. Kaa hapo hapo, usinyanyuke, utaanguka." Alikohoa, akaendelea kunong'ona. "Uzio wa bati unapitisha kila kitu. Mwanao alisikia hodi. Alisikia sauti yake, akasikia na ulivyojibu. Alikuwa na sabuni usoni na kopo mkononi. Angeweza kuita. Angeweza kutoka hata na taulo. Alisimama tu, Mama, mpaka akasikia viatu vinaondoka."

"Kwa nini?"

"Aliogopa. Uliposema ameondoka, alishusha pumzi."

"Mbona sasa aliniuliza kama kuna mtu alikuja?"

"Ungesema ndiyo, angelazimika kumfuata. Ukasema hapana. Akakushukuru moyoni, na akakukasirikia, vyote pamoja. Amekaa navyo tangu siku ile." "Kwa hiyo upadre wake usiuchukue, si wako. Aliuchagua mwenyewe, bafuni, na povu kichwani. Si mahali pa fahari sana pa kuitikia wito, lakini ndipo."

Mama Padre alikuwa analia bila sauti, mtandio umelowa. Alitaka kucheka pia, na hilo ndilo lililomwogopesha zaidi.

"Ila yule binti alidanganywa," ile sauti iliendelea. "Wewe ulidanganya kwa mdomo, mwingine kwa kunyamaza. Malipizi yako ni haya: mwambie ukweli kabla hajaingia majini. Sehemu yako tu. Ya mwanao mwachie mwenyewe."

"Na akikasirika?"

"Atakuwa na haki."

Akamwondolea dhambi. Sauti ilimkatika katikati ya maneno, akakohoa, akayaanza upya mpaka mwisho. Mama alipokuwa akijiinua kwa kushika ukuta, alimsikia tena.

"Mama. Nikitoka hapa sitasema neno juu ya haya. Wala kwako. Si kwamba sitaki, ni siri ya kitubio. Siruhusiwi."

Hakusubiri basi. Alitembea, na njia nzima alikuwa anawaza neno moja, siruhusiwi. Alikuwa amekwenda kutua mzigo, akaukuta ni wa watu wawili, na sasa mmoja wao amefungwa mdomo. Mchana wake alipokwenda kubusu msalaba, mwanawe ndiye aliyeushika. Walitazamana kwa muda wa kufumba na kufumbua. Uso wa Padre ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa, huoni kitu.

Jumamosi Binti wa Mkate alikuja kujaribisha vazi. Lilikuwa bado lina pini kwenye pindo. Mama Padre alimvika, akapiga magoti kushika pindo, na hapo chini, pini mbili zikiwa mdomoni, akaona akingoja zaidi hatasema kamwe. Akazitema.

"Siku ile ulipokuja, nikakwambia ameondoka. Alikuwepo."

Mguu uliokuwa juu ya mwenzake ukashuka sakafuni.

"Alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikuwa anaoga. Nilikudanganya, nisamehe."

Binti wa Mkate alikaa kwenye kigoda na pini zake zote. Nje mtu alikuwa akisaga kitu, na kelele zake ziliingia na kutoka.

"Shati lilikuwa mkononi mwako," alisema hatimaye. "Nililiona. Nikajiambia, labda ameacha shati moja." Akajipangusa pua. "Unajua nilikuja kumwambia nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Na hutajua."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. "Usidhani nalilia maisha mengine, Mama. Mume wangu ni mtu mwema, na watoto wangu siwezi kuwabadilisha na kitu. Lakini lile lilikuwa jibu langu. Nililibeba mpaka mlangoni kwako, ukanirudisha nalo. Yeye anajua kwamba nilikuja?"

Mama Padre akaokota pini sakafuni. "Hilo muulize mwenyewe."

Binti wa Mkate alivua vazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya cherehani. Akavaa viatu vyake. Hakusema kama atakuja kanisani wala kama hatakuja. Mlango ulipofungwa Mama Padre alibaki na kile kitambaa cheupe mapajani, na kwa mara ya kwanza juma lile hakujionea huruma yeye. Alifikiri juu ya msichana mmoja anayerudi na kikapu kitupu barabarani, akijiambia labda ni shati moja tu. Kisha akatunga uzi, akakunja pindo. Alishona kwa mishono midogo kuliko kawaida yake, kwa mtu ambaye huenda asingelivaa.

Giza lilipoingia walikusanyika nje ya kanisa, taa zote zimezimwa. Moto mpya ukawashwa, Mshumaa wa Pasaka ukawashwa kutoka kwenye moto, na watu wakaingia nyuma yake wakipokezana mwanga, mshumaa kwa mshumaa. Mama Padre aliwahesabu wakatekumeni kwenye safu yao. Mmoja alipungua. Mwanawe akaimba Mbiu ya Pasaka kwa sauti yake iliyokwaruza. Watu walifumba macho kwa utamu, mama yake akatazama mlango. Masomo yakasomwa, moja baada ya jingine, bahari ikagawanyika na watu wakavuka, na mlango ukabaki mlango. Utukufu ukaimbwa, kengele zilizonyamaza tangu Alhamisi zikalia zote kwa pamoja, watoto wakaruka kwa furaha. Yeye alishika lile vazi kifuani kama anashika mtoto mwenye homa.

Litania ya watakatifu ilikuwa imeanza ndipo mume wa Binti wa Mkate alipoingia, na nyuma yake watoto, na nyuma yao yeye mwenyewe, macho mekundu. Hakutazama kushoto wala kulia. Akaenda kusimama mahali pake kwenye safu.

Padre alipofika kwake akashika kopo la maji. Mama Padre alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka hapo. Maji yakamwagwa mara tatu. Binti wa Mkate akainua uso unaochuruzika, na Padre akamtazama kwa namna ambayo mama yake hakuweza kuisoma. Ilikuwa yao, haikumhusu.

"Pokea vazi hili jeupe," Padre akasema.

Mama Padre akalinyanyua, akamvika, akamwekea kola vizuri shingoni. Binti wa Mkate alimwinamia sikioni.

"Kesho nitakuja kwako na mume wangu," alinong'ona. "Usiniambie ameondoka."

Wakati wa kukomunika Mama Padre alinyanyuka. Kanisa zima lilimtazama, kama Mwenyekiti alivyoahidi. "Mwili wa Kristo," mwanawe alisema. Alijibu amina, akapokea, akarudi kwenye benchi lake, na akalia kupita kipimo chote alichowekewa.

Asubuhi ya Pasaka, baada ya Misa ya kwanza, Padre alikuja nyumbani na taulo begani. Alisema kwamba nyumba ya mapadre maji yamekatika. Huenda yalikatika kweli. Alikunywa chai amesimama, akazungumzia kwaya, akazungumzia mguu wa Paroko, akazungumzia kila kitu duniani. Mama yake alimmiminia kikombe cha pili. Alitamani kumuuliza: una furaha? Lakini alihofia kwamba swali hilo nalo lingegusa kile alichofungiwa mdomo. Padre akachukua ndoo na kopo, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa bati. Maji yakaanza kusikika.

Hodi ikapigwa.

Akapangusa mikono kwenye gauni la bluu, akafungua. Binti wa Mkate alisimama mlangoni na vazi lake jeupe, mkate umefungwa kwa kitambaa mkononi, mumewe nyuma yake akiwa amewashika watoto. Alikuwa amepandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

"Shikamoo, Mama. Tumemkuta?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Padre, na akajisikia anasema kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, sauti ya kufika mpaka nyuma. "Yupo. Anaoga. Karibuni ndani, mmsubiri."

Aliupokea mkate, akauweka katikati ya meza, mahali ambapo kila anayeingia ataukuta. Nyuma ya nyumba maji yalinyamaza. Sauti ya mwanawe ikapita kwenye bati, haikuwa ya kipadre hata kidogo.

"Mama? Kuna mtu amekuja?"

"Ndiyo," alisema. "Amekuja."

Akasikia kopo likiwekwa chini.